Neno Lililosemwa Juu ya Shimo

Kambini, Karagwe
14 Agosti 1994

Mama Kokushubira,

Leo asubuhi jirani yetu Sebahire amerudi kutoka kulima kibarua huko Kaisho, akanikuta kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Akaninong'oneza: "Mkeo yuko hai. Nimemwona kwa Leonidas, anaanika kahawa." Nikatoka kwenye foleni. Watu wakanipita, mahindi nikayakosa, wala sikujali. Nilikwenda nyuma ya vyoo nikalia mpaka mtu mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefufuliwa.

Tangu Aprili nimekuwa nikikuombea kama marehemu. Jioni ile niliporudi shambani nilikuta shimo la kuivishia ndizi, nilimowaficha, liko wazi, majani yametapakaa matopeni, nikajua wamewapata. Nilichimba kwa mikono pale ndani ingawa niliona wazi kwamba hamna mtu. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Sebahire anasema alikuona peke yako. Kwa hiyo kabla ya neno lingine lolote niambie: Kokushubira yuko wapi?

Nakuandikia kwa Kiswahili, hiki tulichofundishwa pamoja shuleni huku Bugene, kwa sababu humu barua ya Kinyarwanda husomwa na wengi kabla ya kumfikia mwenyewe. Wakubwa wa kambi ni walewale waliokuwa wakubwa kule kwetu. Mtu akisema anataka kurudi nyumbani, au akijulikana kuwa, kama mimi, ameoa Mtutsi, wanamwita icyitso, yaani kibaraka wa adui. Akishaitwa hivyo hadharani, haipiti muda hema lake linabaki tupu. Ukinijibu, mpe Sebahire mkononi, usimpe mwingine.

Mpe shikamoo yangu kaka yako Leonidas na umshukuru. Niruhusu nije. Kutoka hapa hadi Kaisho ni mwendo wa kutwa tu, nami ningeutembea kwa magoti.

Mumeo,
Polikarpi


Kaisho
4 Septemba 1994

Polikarpi,

Kokushubira yuko hai. Ameanza shule hapa. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa uliuliza, na kwa kuwa mtoto hana kosa.

Usije.

Unasema ulilikuta shimo wazi. Tulilifungua wenyewe. Ulipoondoka na wale wenzako mvua ilikuwa ikinyesha. Nikayasukuma majani kwa kichwa, nikamtoa mtoto, tukapita migombani mchana kweupe mpaka kwenye mafunjo ya mto. Mvuvi mmoja mzee alituvusha bila kutuuliza chochote. Hata jina lake silijui.

Hukuniuliza kwa nini hatukukungoja. Ulituambia tungoje. Basi nakwambia. Sikukimbia panga; panga nilikuwa nimekwisha kulizoea kama mtu anavyozoea homa. Niliikimbia sauti yako.

Sisi tulikuwa chini, ninyi juu, mmekaa kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi mnakunywa pombe yetu. Mmoja akakuuliza, "Inyenzi zako ziko wapi?" Neno hilo halikuwa geni. Redio ilikuwa ikilitangaza, barabarani watoto walikuwa wakiliimba: inyenzi, mende, ndio Watutsi wote na kila anayewahurumia. Nikatega sikio nisikie utasemaje. Ukasema: "Mende wangu wawili nimewafukuza. Mende hakosi ufa wa kuingia." Kisha ukacheka. Kicheko chako nakijua, Polikarpi, nimeishi nacho. Hakikuwa cha kuigiza. Kilikuwa chenyewe.

Tena ulisema wawili. Ungesema mmoja ningekuelewa, ningesema ananitoa mimi amwokoe mtoto. Wewe ulisema wawili, na huyo wa pili alikuwa amekaa mapajani mwangu. Mdomo wake nilikuwa nimeuziba kwa kiganja. Masikio sikuyaziba.

Tulipofika hapa, Kyomugisha, mke wa kaka, alitupa uji. Mtoto akaushika ule uji bila kunywa, akaniuliza: "Mama, sisi ni mende kweli, au tulikuwa mende kulekule tu?"

Wewe ndiye mwenye jibu.

Immaculata


Kambini
20 Septemba 1994

Mama Kokushubira,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena.

Nisikilize mara moja tu. Yule kiongozi wao alikuwa amekaa karibu kabisa na shimo, panga mkononi. Alikuwa akilichoma kwenye majani huku akizungumza, taratibu, bila hata kutazama, kama mtu anayechokonoa moto. Alikuwa akilichoma upande wa migomba. Ninyi niliwakalisha upande wa nyumba. Kila alipolichomoa nililitazama kama lina damu.

Ningesema mmoja, angeniuliza wa pili yuko wapi. Ningesema mtoto ni wangu na damu ni yangu, angesema mlete tumwone. Ilikuwa lazima muwe mmekwenda wote wawili, na niwe mimi niliyewafukuza, tena niwe nimefurahi. Mtu mwenye huzuni wangemchunguza.

Umeandika kwamba kicheko kilikuwa chenyewe. Ni kweli. Cha bandia wangekitambua. Nilikitafuta moyoni nikakosa, mpaka nikaikumbuka siku ile Bugene ulipoteleza na debe la maji mbele ya padre, ukabaki umekaa kwenye tope na debe kichwani. Nilicheka kile kicheko. Nilikucheka wewe, Immaculata, nikikupenda, juu ya kichwa chako, na wao wakadhani nacheka pamoja nao.

Wakanipigapiga begani. Wakasema, "Huyu ni wetu." Wakanivisha filimbi shingoni wakanichukua kwenda kusimama nao kwenye kizuizi cha barabarani. Ukishasema neno kama lile huna tena pa kukataa. Nilikuwa nao mpaka siku tuliyokimbia. Lakini sikumgusa mtu. Naapa kwa Ekaristi tuliyoipokea pamoja siku ya ndoa: mkono wangu haukumgusa mtu yeyote.

Mwambie mtoto kwamba baba yake alisema uongo.

Polikarpi


Kaisho
17 Septemba 1995

Shemeji Polikarpi,

Tumsifu Yesu Kristu.

Naandika mimi kwa sababu dada yangu haandiki. Barua zako zote za mwaka huu mzima zimemfikia. Anazisoma, anazikunja, anakwenda shambani. Mimi simzuii wala simshawishi.

Sebahire hataweza kuja tena. Alhamisi vijana wa hapa walimkamata akitoka kwangu na mkungu wa ndizi, ujira wake wa kulima. Wakamwita Intarahamwe, ndivyo wanavyolitamka hapa lile jina la vijana waliofanya mauaji kwenu, wakampiga mpaka mkono ukavunjika. Nilikwenda mbio nikiwapigia kelele: "Mnamjua huyu? Amewafanya nini?" Mmoja wao, ambaye nilimfundisha katekisimu mwenyewe, akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Wote walioko kambini ni Intarahamwe. Jina lao ni moja." Shemeji, Sebahire ninayemjua mimi hawezi hata kuchinja kuku, humwita mkewe.

Na usidhani sisi wenye kadi za uraia tumepona. Huku ni wakati wa kampeni, vyama sasa ni vingi, na kila mmoja anatafuta wa kumsukumia lawama. Juzijuzi nilikwenda kwenye mkutano wa hadhara nikakaa safu ya mbele, maana nimekuwa balozi wa nyumba kumi tangu vita ya Uganda. Akapanda jukwaani Novatus, mnunuzi wa kahawa, anayempigia debe mgombea mmoja. Akasema: "Ndugu zangu, mmeyaona magugumaji yanavyoelea mtoni Kagera? Hayana mizizi. Yanatoka Rwanda, yanapita kwetu, ukiyaachia yanaziba ziwa zima. Na sasa tunayo magugumaji ya miguu miwili, tena yanataka kupiga kura!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilicheka. Nilipiga na makofi, kwa kuwa lilisemwa vizuri, na mimi napenda msemo mzuri. Nikamgeukia jirani yangu tucheke pamoja, nikaona ananitazama mimi. Ndipo nikafahamu. Mimi niliyeletwa huku kutoka Rwanda mgongoni mwa mama! Mimi ambaye wazazi wangu wote wawili wamelala katika udongo huu! Kesho yake ubalozi wakanivua, wakasema ni kwa muda.

Neno lile lilifika shuleni kabla ya walimu. Kokushubira sasa ana majina matatu: kule aliitwa mende kwa ajili ya mama yake, hapa anaitwa gugumaji kwa ajili ya mjomba wake, na wakijua baba yuko kambini wanamwita Intarahamwe. Jina lake la ubatizo hakuna anayelitumia.

Unakumbuka mwaka sabini na nane, tulivyokuwa tukiimba nyimbo za kumlaani nduli wa Uganda? Alikuwa ametuvamia kweli, na wimbo ulikuwa halali yake. Lakini wimbo ulipokwisha wale wavulana wakamgeukia Immaculata kwa sababu ya matamshi yake, wakamwita nduli jike, nawe ukapigana nao wote ukavunjwa jino. Siku ile nilisema kijana huyu akija kumposa dada yangu sitamzuia. Ndiyo maana nimeshindwa kukuchukia. Nami nimejaribu sana.

Usiandike kwa sasa. Ni hatari kwetu sote.

Leonidas


Kaisho
26 Novemba 1995

Baba Kokushubira,

Kaka amekukataza kuandika. Mimi sikukatazwa.

Kuna jambo limenipata. Wanawake wa kambini huja kutulimia maharage. Jumanne walikuwa wakilima ovyoovyo, wanaruka magugu ya sangari bila kung'oa, nami nilikuwa na hasira zangu, mtoto amerudi kutoka shuleni uso umevimba. Nikawafokea kwa Kinyarwanda: "Ninyi Interahamwe, limeni kama watu!"

Wote wakainama zaidi. Bibi mmoja tu ndiye aliyejinyoosha, kwa taabu, mkono kiunoni. Hakukasirika. Akaniambia: "Mama, mimi naitwa Nyirabageni. Nilizaa watoto saba na hakuna aliyebaki, na hili jembe ninaloshika ni lako. Ukinitaka, niite Nyirabageni." Kisha akaendelea kulima.

Nilitamani ardhi inifunike. Sikuwa nimelipanga neno lile, Polikarpi. Lilitoka lenyewe, bila hodi. Na kukwambia kweli, lilikuwa tamu. Kwa kitambo kile kifupi uchungu wangu wote ulipata mtu wa kumkalia. Wewe ulilisema lako kwa hofu, panga likiwa karibu. Mimi nililisema langu nimeshiba, nimesimama kwenye shamba la kaka yangu.

Basi lile la shimoni nimelisamehe. Nimemwambia Kokushubira kwamba baba yake alidanganya ili panga lisishuke. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe." Siku hiyo alikula.

Lakini lipo jambo unalolizunguka. Katika kila barua unaniambia mkono wako haukumgusa mtu. Sikukuuliza habari za mkono. Mwenye moyo mweupe angesema, pale alikufa fulani na fulani, nami sikuweza kuwasaidia. Wewe hujataja mtu hata mmoja. Ulikuwa unafanya kazi gani pale kizuizini? Nijibu hilo tu, na ukishanijibu njoo umwone mwanao.

Barua hii anakuletea Nyirabageni. Msalimie kwa jina lake.

Immaculata


Kambini
11 Desemba 1996

Mama Kokushubira,

Uliniuliza, nami nimenyamaza mwaka mzima. Kila nilipoanza kuandika kalamu ilinikataa.

Sasa hakuna tena muda. Serikali ya huku imetangaza tuondoke wote kabla mwezi huu haujaisha. Wakubwa wa kambi wanawashurutisha watu waelekee mashariki, porini, na kila anayesema atarudi Rwanda wanamwita icyitso. Jana walimpiga mtu rungu mbele ya watoto wake. Mimi nimechoka kuitwa. Nitarudi kwetu.

Lakini waliotangulia wameleta habari kwamba kule natafutwa kama Interahamwe, kwa kuwa watu waliniona kizuizini na filimbi shingoni. Wanaotafutwa hivyo wanajazwa gerezani mpaka wanalala kwa zamu. Wengine miguu inaoza kwa kusimama.

Immaculata, chini ya jua hili hakuna anayejua kwamba niliwaficha isipokuwa wewe. Shimo halisemi. Ukisimama mbele ya watu ukaeleza, nitakuwa mtu. Usipoeleza, nitabaki kuwa jina lile tu, na jina lile halina wakili.

Ulitaka kujua kazi yangu. Nilikuwa nikiinua mti wa kizuizi na kuushusha. Basi. Sikumgusa mtu.

Tutapitishwa barabara kuu, askari huku na huku, wala hatutaruhusiwa kusimama. Ukiweza, simama mahali na mtoto, niwaone tu.

Polikarpi


Kaisho
9 Machi 1997

Baba Kokushubira,

Natumaini barua hii itakukuta gerezani ukiwa na nguvu za kuisoma.

Siku mliyopitishwa tulisimama juu ya tuta tangu asubuhi. Watu walikuwa wengi mno, godoro kichwani, sufuria mgongoni, wengine wamewabeba wazazi wao kwenye baiskeli. Sikukuona. Kokushubira anasema alikuona, na kwamba ulikuwa umevaa kofia. Sijui kama ni kweli au alitaka iwe kweli.

Nimekwenda kukushuhudia. Leonidas alinisindikiza, tukavuka mto tukafika mpaka uwanja wa ofisi ya serikali kule kwetu, afisa akawaita majirani wote waliosalia. Nilisimama nikaeleza habari za shimo. Nilieleza panga, mvua, na kicheko. Sikuficha neno ulilolisema, na nikaeleza kwa nini ulilisema. Mzee mmoja akasema, "Kama ni hivyo, huyu si Interahamwe. Aachiwe." Wengine wakaitikia. Moyo wangu ukaanza kukimbia kuja huko uliko.

Hapo akasimama Mukabera, mke wa Xaveri fundi cherehani, yule aliyemshonea mtoto wetu gauni la ubatizo. Amekonda, nilikuwa sijamtambua. Akasema: "Yote aliyosema mama huyu nayaamini. Sasa nisikilizeni na mimi."

Akasema kwamba siku ileile, mvua ilipokatika, yeye alikuwa amejificha kwenye mtama karibu na kizuizi. Xaveri alitangulia kuangalia njia. Alipokuona wewe umeshika ule mti alifurahi, akatembea wima, akaita kwa sauti: "Polikarpi! Nipitishe, ndugu yangu, wewe unanijua." Vijana wakakugeukia, wakakuuliza, "Unamjua?" Nawe ukasema: "Simjui. Hii ni inyenzi." Ukaushusha mti.

"Hakumgusa," Mukabera akasema. "Msimzulie. Hakumgusa hata kidogo. Alisema tu."

Nilikuwa bado nimesimama. Nilitaka kukaa, sikuona benchi lilipo. Miaka yote hii umekuwa ukiniapia kwa mkono, nami sikujua kwamba mkono huo umefunika mdomo.

Afisa akaniuliza, "Mama, bado unasema mtu huyu ni mwema?"

Nikamjibu, "Sikusema ni mwema. Nilisema alituficha, na kweli alituficha. Na huyu mama naye mwaminini."

Akakasirika. "Nipe jibu moja. Ni Interahamwe, au siye?"

"Jibu moja sina, bwana. Anaitwa Polikarpi. Andikeni alichotenda shambani kwake, na mwandike alichotenda barabarani."

Hawakukuachia. Sidhani kama watakuachia upesi, nami sina la kukudanganya.

Tulipotoka Mukabera alinifuata mpaka bombani. Nilidhani amekuja kunitukana. Akasema: "Kufungwa kwake hakunipi kitu, na kufunguliwa kwake hakuninyimi kitu. Mimi namtaka mume wangu. Sijui walimtupa wapi. Nimechimba kila mahali. Huyo wako alikuwa pale, anajua."

Sikuulizi kwa nini. Sikuulizi ulijisikiaje. Niambie Xaveri yuko wapi.

Immaculata


Gerezani
2 Aprili 1997

Mama Kokushubira,

Neno lile nilikuwa nimelisema saa chache kabla, juu yenu, nikaona limewaokoa. Xaveri aliponiita walinigeukia wote. Kama ningesema namjua, wangerudi shambani kuyapima upya maneno yangu, na mimi nilidhani ninyi bado mmo shimoni. Hilo ndilo lililonipitia kichwani. Sijui kama lilikuwa sababu au nimelifanya kuwa sababu baadaye. Nilipofika jioni nikakuta hamna mtu, nilijua nimemtoa Xaveri kwa ajili ya shimo tupu.

Kutoka kizuizini fuateni mtaro wa barabara upande wa mtoni mpaka kwenye kalavati. Vukeni. Kuna kichuguu kikubwa. Chimbeni upande wake unaotazama machweo, si mbali na kichuguu chenyewe, wala si chini sana. Walitupatia majembe tuwafukie. Mimi nilikuwa na jembe. Xaveri yuko peke yake upande wa juu. Wale wengine wawili walio chini yake sikuwajua, na hakuna aliyewauliza majina.

Mwonyeshe Mukabera barua hii. Mwonyeshe na afisa. Najua itanifanya nini.

Polikarpi


Nyumbani kwa Mukabera
27 Aprili 1997

Baba Kokushubira,

Tumempata.

Leonidas ndiye aliyechimba, na vijana wawili wa padre. Ilikuwa kama ulivyoeleza. Mukabera alimtambua kwa tepu ya kupimia iliyokuwa mfukoni mwa shati. Namba zake zimefutika. Aliipangusa udongo kwa kidole, akaikunja, akaiweka kifuani. Hakupiga yowe. Sisi wengine ndio tuliolia.

Amezikwa nyuma ya nyumba yake, na wale wawili tukawazika pembeni yake. Padre hakuwa na majina ya kuwaitia, akawaombea hivyohivyo. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotazamia, hata waliorudi kutoka kambini. Walisimama mbali kidogo, lakini walikuja. Hakuna aliyemwita mwenzake kitu.

Mukabera ameniomba nikae naye hapa, mimi na mtoto, mpaka maharage yavunwe. Hatuzungumzi sana. Jana tulikuwa tunachambua mbegu, akaniuliza ghafla: "Mlipokuwa mle shimoni, mlipata hewa?" Nikamwambia tulipata kidogo, ya kutosha. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Afadhali." Nilitoka nje nikaegemea ukuta.

Barua yako afisa ameichukua. Anasema itasomwa mbele ya mahakimu siku kesi itakapofika, na kwamba siku hiyo haijulikani. Usitegemee mengi.

Kokushubira nimemweleza yote mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu. Habari ya shimo na habari ya barabarani, zote mbili, bila kupunguza. Hajasema kama anataka kukuona, na sitamlazimisha. Ameniomba tu nimwonyeshe lililo kaburi la Xaveri, na sasa anapeleka maji huko kumwagilia maua aliyoyapanda.

Mimi nitakuja siku ya kuwaletea wafungwa chakula. Nitaleta viazi na blanketi, maana nasikia sakafu yenu ni baridi. Mlangoni wataniuliza mimi ni nani wako. Bado sijui nitawajibu nini. Lakini nitakuja.

Immaculata